Ijumaa kwa Sheria za Kivinje

Baba yangu, shikamoo.

Assalaam alaykum wewe na Mama na wote mliolala chini ya paa letu. Natumaini shemeji Asha amezipeleka picha hizi steshenari zikatolewa kwenye karatasi kama nilivyomwomba, maana najua kwenye kioo cha simu husomi, na ujumbe wa sauti huutaki, unasema ni kama kusikiliza watu nyuma ya mlango. Nimeandika kwa mkono, kurasa zote. Ukikuta mahali pamekatwakatwa usimlaumu Asha, ni mimi niliyekuwa naanza na kuacha.

Mguu vipi? Dawa ya kuchua niliyompa yule mama wa Kinjumbi akuletee, imefika au bado iko kwenye mkoba wake inachua mkoba? Na macho, bado unatunga uzi kwenye sindano mwenyewe, au siku hizi Nuru ndiye anakutungia? Mwambie mwanangu nimemwona kwenye picha amevaa sare uliyomshonea, na mikono ya shati mirefu nimeijua sababu, ni ya kukulia ndani yake. Mikorosho ya Pande mmeshaipulizia? Mama alisema maua yametoka mapema na wewe hupandi tena huko kwa ajili ya mguu, anakwenda yeye na jembe lake na mdomo wake, vibarua hawapumui.

Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio haukai. Na kwa kuwa wewe hupendi mtu akunjue jora zima kabla hajataja bei, nataja kwanza.

Jumatano ijayo, baada ya Alasiri ya huko, utapigiwa simu ya picha. Atakayepiga ni Helena, binti wa Mzee Walta, huyu mzee ninayemtunza. Nimemwambia utakuwa kibarazani kwa Bwana Rajabali, penye mashine yako ya kushonea, na Bwana Rajabali atakufasiria. Atakuuliza jambo moja tu la sataranji. Kwa jibu lako, yeye na daktari wataamua kama Mzee Walta abaki nyumbani kwake au apelekwe makao ya wazee. Akipelekwa, mimi hapa sina kazi, na kibali changu cha kukaa nchi hii kimefungwa kwenye kazi hii. Najua utasema, Somoe, tangu lini maisha ya watu yakawekwa juu ya ubao wa sataranji wa fundi cherehani wa Kivinje. Soma polepole, nitakueleza.

Mzee Walta unamjua kwa habari zangu. Maisha yake yote alifanya kazi ya reli, mkewe alishafariki nilipokuja, na nyumba yake iko kwenye huu mji mdogo wa pwani, kaskazini ya Uingereza, pwani isiyo na mnazi hata mmoja. Wiki ya kwanza hakunisemesha zaidi ya "chai" na "asante". Mimi nikawa napangusa vumbi, nakunja nguo, nashona pindo la pazia la marehemu mkewe lililofumuka, napika vile vyakula vyao visivyo na chumvi. Juu ya kabati palikuwa na ubao wa sataranji, vitu vimepangwa lakini mfalme na waziri wamebadilishana vyumba. Nikawarudisha mahali pao bila hata kufikiri. Aliniona.

"Unajua mchezo huu?"

"Kidogo," nikasema.

Akavuta kiti. Akachukua vyeupe yeye mwenyewe, hakuuliza, ndipo nikajua huyu ni mzee kama wazee wetu. Akamsukuma askari wa waziri vyumba viwili mbele. Nusura nimwambie umepitiliza, kisha nikakumbuka ulivyonieleza kuwa kwa Wazungu askari mwendo wake wa kwanza anaruhusiwa hatua mbili. Basi nikafanya unavyofanya wewe mchana wateja wakiwa wachache. Nikamtoa farasi. Askari aliyekuwa mbele yake nikamsogeza hatua moja ndogo. Ngamia nikamweka pale pembeni, anapotazama ubao kwa mshazari kutoka kona hadi kona. Katikati nikamwachia. Akaleta askari wa pili, akaleta wa tatu, wakasimama pale kati wenye mji, nami nasikia sauti yako sikioni: mwache ajinafasi, akishajinafasi atashindwa kujikusanya.

Mzee akaacha kucheza, akanitazama.

"Nani amekufundisha Ulinzi wa Kihindi?"

"Fundi cherehani," nikamwambia.

Alicheka mpaka akakohoa, nikadhani namuua. Kisha akainuka akashusha kitabu, akanisomea. Kumbe Baba, hiki mnachokicheza hapo kibarazani kina jina, na kimeandikwa. Zamani Wahindi, kwa kuwa askari wao walikwenda hatua moja moja, hawakuwa na haraka ya kugombea kati. Walijenga kwa hatua ndogo, ngamia pembeni, wakangoja. Wazungu wakaona, wakauita Ulinzi wa Kihindi, na wengi wakaudharau. Mpaka kiasi cha miaka mia nyuma wakatokea vijana wao wenyewe wakasema si lazima ukae katikati, inatosha kuitazama kwa mbali, mwenzio aijaze, kisha umpige shinani. Wakubwa wakawacheka. Walipoanza kufungwa wakanyamaza. Mzee anasema leo hii mabingwa wa dunia wenyewe, wakitangulizwa askari wa waziri, wapo wanaojibu hivyohivyo. Nikamwambia hiyo si habari mpya kwa watu wa kibaraza cha Rajabali.

Tangu siku hiyo tukawa tunacheza kila siku baada ya chakula cha mchana. Nikamfundisha majina yetu. Wao ngamia wanamwita askofu, na tembo wanamwita ngome. Waziri wamemfanya mwanamke, wanamwita malkia, na ukimsomea Mama hapa atasema ndiyo sababu ana nguvu kuliko wote. Naye Mzee akataka kujua kila kitu. Rajabali ni nani, anauza nini, kibaraza kina ngazi ngapi, kwa nini fundi anakaa nje ya duka la mtu mwingine. Nikamweleza kwamba mafundi wa kwetu ndivyo wanavyokaa, mteja ananunua kitambaa ndani, anashonewa nje, na katikati ya kitambaa na kitambaa ubao wa sataranji unakuwa juu ya gunia la mchele. Alipenda sana hilo la gunia. Mpaka Bwana Rajabali anavyompigia kelele mteja bila kunyanyua macho kwenye ubao nilimwigizia.

Ni yeye Mzee aliyetaka Ijumaa iwe siku yangu. Alisema wewe siku hii ni kubwa kwenu, basi tucheze kwa sheria za kwenu. Nikamfundisha. Askari hatua moja tu, hata mwendo wa kwanza. Hakuna kumficha mfalme nyuma ya tembo kama wafanyavyo wao. Badala yake mfalme ana ruhusa ya kuruka mruko wa farasi, mara moja katika mchezo mzima, kabla hajatishwa. Alifurahi kama mtoto aliyeonyeshwa mlango wa nyuma. Kila Ijumaa, mruko wake ukifika, alikuwa anamnyanyua mfalme juu, anasema "Kivinje", ndipo anamtua. Mpaka nikawa nangoja nimsikie akilitaja jina la mji wetu kwa ulimi ule mzito.

Sasa ndiyo naja kwenye lenyewe.

Helena anakaa mbali, mwendo wa treni. Usimwone mbaya, Baba, si mtu mbaya. Anapiga simu kila jioni, ana kazi yake na watoto wake, na sauti yake ni ya mtu aliyechoka kuogopa. Alifundishwa sataranji na baba yake akiwa mdogo kuliko Nuru. Ijumaa iliyopita alikuja bila kusema. Tulikuwa katikati ya mchezo. Akambusu babake, akajitilia chai, akaketi kutazama. Mimi nilikuwa nimembana Mzee upande wa kulia, farasi wangu na waziri wameshafika, ndio napiga hesabu. Mzee akatazama muda mrefu. Akamnyanyua mfalme juu, akasema "Kivinje", akamtua vyumba viwili mbele na kimoja kando.

Helena akaweka kikombe chini.

"Baba, mfalme haendi hivyo."

"Kwa Kivinje anaenda," Mzee akasema, na akanikonyeza.

Helena akanigeukia mimi. Nikasema ndiyo, ni sheria ya kwetu, Ijumaa tunacheza kwa sheria za kwetu. Akatikisa kichwa, akamaliza chai yake. Lakini nilimwona alivyokuwa akimtazama babake wakati wa kuaga, anamfunga vifungo vya sweta ambavyo vilikuwa vimeshafungwa.

Jumatatu akaja na daktari, mama mmoja mpole. Akamwuliza Mzee mwaka, mwezi, jina la mji, akamwambia achore saa, akamtajia maneno akamwambia ayarudie baadaye. Mzee mengine alipata, mengine alikosa, moja alilijibu kwa mzaha na daktari akaandika. Mwisho daktari akasema hapa tuko katikati, si huku wala si kule, kwa hiyo wanaoishi naye waseme wanachokiona. Helena akasema mbele yangu: "Kinachonitisha mimi ni mfalme. Baba yangu atasahau jina langu kabla hajasahau mfalme anavyokwenda."

Nikarudia kuwa ni sheria ya Kivinje. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu kwamba ananiheshimu, lakini mimi ugali wangu uko ndani ya nyumba hii, kwa hiyo anataka kulisikia neno hilo kwa mtu asiyepata kitu. Daktari naye akasema sawa, likithibitika hivyo yeye haoni sababu ya kuharakisha. Mimi nikasema: baba yangu. Nilipokutaja, Baba, nilipumua. Nikaona mambo yamekwisha. Mfalme wa Kivinje huruka, Rajabali shahidi, wewe shahidi, kibaraza kizima shahidi.

Nilipumua mpaka nilipofika jikoni.

Baba, mruko ule alioona Helena ulikuwa wa pili. Kabla hajaja, mwanzoni kabisa mwa mchezo, Mzee alikuwa ameshamrusha mfalme. Alimnyanyua, akasema "Kivinje", akamtua pembeni nyuma ya askari wake, tukacheka. Haikupita hata nusu saa, akarusha tena, kwa furaha ileile na neno lilelile. Sikumwambia umesharuka. Mbele ya binti yake ningemwambiaje? Nikacheza mwendo wangu. Tangu Ijumaa ile niko na jambo hili kifuani, nikipika liko, nikiswali liko.

Na si hilo tu. Jioni ile Helena alipoondoka, nilikuwa naosha vyombo, Mzee akaja akasimama mlangoni. Alikuwa ameshika mfalme mkononi.

"Somoe. Nilikuwa nimesharuka?"

Alikuwa anauliza kweli. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayepapasa ukuta gizani. Nikamwambia, "Hapana, Mzee."

Akasema, "Afadhali," akamrudisha mfalme kwenye ubao, akaenda kulala. Mimi nikabaki na povu mikononi. Nilijiambia nimesema kwa huruma. Lakini Baba, nilipokuwa nasema sikuwaza huruma, niliwaza kibali.

Ngoja nikuambie yote, nikishaanza nimeshaanza. Mwezi uliopita Mzee aliweka birika la umeme juu ya jiko la gesi, akawasha. Lile birika chini ni la plastiki. Nilikuwa juu natandika kitanda, nikasikia harufu, nikakimbia. Moto ulikuwa mdogo, nikauzima kwa taulo. Nikafungua madirisha, nikaenda dukani nikanunua birika jingine la rangi ileile, nikaliweka pale pale. Helena alipouliza kwa simu habari za siku, nikamwambia njema.

Na juzi, baada ya daktari kwenda, Mzee alitoka nikiwa chooni. Nilimkuta kwenye ukuta wa bahari, bahari imejaa inapiga mawe, amevaa ndara za nyumbani na koti la suti. Nikamshika mkono, nikamwuliza unakwenda wapi. Akasema anakwenda kwa Rajabali. Akaniuliza duka linafungwa saa ngapi. Alidhani Kivinje iko mwisho wa ile barabara, baada ya kituo cha basi, na mimi ndiye niliyeijenga pale kwa maneno yangu. Nilimwambia leo pamefungwa, twende kesho. Tukarudi, nikamvua ndara zilizolowa, nikamsugua miguu, mimi nalia yeye ananiuliza nani kanikosea.

Kwa hiyo sasa unaelewa kwa nini nimekatakata karatasi. Barua ya kwanza niliyokuandikia ilikuwa fupi. Ilisema: Baba, wakikuuliza kama mfalme huruka kwa sheria zetu, sema ndiyo, basi. Nikaona si uongo. Mfalme huruka. Na nikajua Bwana Rajabali atalifasiri vizuri zaidi, maana yule ni mfanyabiashara na ananipenda, atamwambia Helena mfalme wa Kivinje anaruka, anaogelea, akitaka anapaa. Nikaipiga picha ile barua. Kidole kikakataa kuituma.

Nilikukumbuka wewe kwenye baraza la kata, ile kesi ya mpaka wa mikorosho. Baba mdogo Hamisi alikuja nyumbani usiku wa kuamkia siku hiyo, akakuambia kaka, wewe sema tu kwamba uliniona napalilia pale. Na ulimwona kweli, alikuwa anapalilia pale. Asubuhi ukasimama ukasema nilimwona anapalilia, na nilimwona pia alivyong'oa alama ya mpaka. Baba mdogo hakukanyaga kwetu Idd mbili. Mama alikununia. Wewe ukarudi kwenye mashine yako ukasema kitambaa ukishakikata pungufu, hata ukikipiga pasi namna gani hakirudi. Mimi nilikuwa msichana, nilikuona mtu mgumu. Nilisema moyoni nikiwa mkubwa sitakuwa hivyo, na kweli sikuwa.

Nimewaza sana mchezo wetu siku hizi mbili. Wewe ulinifundisha kungoja, na mimi nimengoja. Nimemwachia Helena katikati, ajaze madaktari na makaratasi na simu zake, mimi nimekaa pembeni na ngamia wangu kimya. Lakini ulinifundisha na la pili, ambalo mimi hulisahau. Ulisema mchezo huu una hatari moja, ukichelewa kupiga, askari wa mwenzio wanasonga, wanakubana mpaka huna pa kuweka hata kidole, na hapo hukufungwa na mtu, umejifunga mwenyewe. Subira huvuta heri, ndiyo, na Mama naye hujibu ngojangoja huumiza matumbo. Mimi tumbo linaniuma. Kila nikisikia mlango, nainuka. Nikienda kuoga, mlango wa bafu nauacha wazi. Vishikio vya kuwashia jiko la gesi nimevichomoa, nalala navyo chini ya mto, na asubuhi navirudisha kabla Mzee hajaamka ili asijue. Mtu mmoja hawezi kuwa macho ya nyumba nzima usiku na mchana, na akipotea kwenye ule ukuta siku bahari imejaa, mimi nitamwambia nini Mungu, kwamba nilikuwa nalinda kibali?

Nilijaribu kumpigia Helena jana. Akapokea, akasema "Somoe, Baba hajambo?" nikasema hajambo. Mdomo ulikataa palepale. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Hofu yangu haijaisha, usidhani nimekuwa shujaa. Nikiondolewa hapa sijui nitakwenda wapi, na sare ya Nuru ya mwakani sijui itatoka wapi, na watu wa Kivinje nao wana midomo, watasema kaenda Ulaya kurudi na begi lilelile. Na namwogopea yeye Mzee. Ameniambia mara nyingi kwamba hataki kwenda mahali ambapo hawezi kuliona pazia la mkewe asubuhi. Huenda watatafuta njia nyingine, mtu wa pili aje tusaidiane, sijui. Huenda hawatatafuta. Sijui lolote, Baba, na ndilo linaloniua.

Lakini lako ni hili. Jumatano, Helena akikuuliza kama mfalme wa Kivinje huruka kama farasi, mwambie huruka. Halafu usingoje kuulizwa. Mwambie, mara moja tu. Na Bwana Rajabali akianza kufasiri kwa mkato, au akiona uso wangu kwenye simu akanionea huruma, mkanyage mguu chini ya meza, mwambie afasiri yote. Nitakuwa nimekaa pembeni ya Helena. Nikikusikia unasema "mara moja tu", nitajua ndiyo zamu yangu, na nitamweleza ya birika, ya ukuta wa bahari, na ya jibu nililompa Mzee mlangoni mwa jikoni. Bila wewe kuanza, nimejijua, nitanyamaza tena.

Uniombee, kila swala. Na usinikasirikie kwa simu mbele ya watu, ukitaka kunikasirikia niandikie.

Salamu zangu kwa Mama, mwambie vibarua ni watu. Umbusu Nuru, usimwambie ya barua hii, mwambie tu mama yake anajifunza kulala mapema. Shemeji Asha mshukuru kwa simu yake na miguu yake ya kwenda steshenari. Shangazi wa Rutamba akija na mihogo yake mwambie bado nina deni la kumpikia. Dada wa Kinjumbi na mumewe wasalimie, na baba mdogo Hamisi pia, msalimie vizuri, siku hizi namwelewa. Bwana Rajabali mpe mkono wangu, na mwambie kuna mtu huku anayejua kibaraza chake kina ngazi tatu.

Mzee Walta yuko hapa karibu nami ninapomalizia. Ameuliza naandika kwa nani, nimemwambia kwa fundi. Anakusalimu sana. Anasema Rajabali asifunge duka mapema, yuko njiani.

Mwanao akupendaye,
Somoe